Kupiga Hewa

Mwaka 1991, katika tamasha la Ars Electronica mjini Linz, Austria, mwanamke mmoja alipanda jukwaani akiwa amevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Kwenye ncha za vidole vya mkono mmoja vilibandikwa vitambuzi vidogo vinavyohisi usumaku, na mkono wa pili ulibeba sumaku. Kidole kilipoisogelea sumaku volti ilibadilika, kilipojitenga ikabadilika tena, na kompyuta ikazigeuza volti hizo kuwa sauti. Mwanamke hakugusa nyuzi wala hakubonyeza kinanda. Alikunja vidole, akavikunjua, na ukumbi ukasikia.

Alikuwa Laetitia Sonami, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Marekani katika miaka ya 1970 na kuweka makazi California. Onyesho hilo alilifanya pamoja na Paul DeMarinis, naye msanii wa vifaa vya umeme. Kuchagua glavu za jikoni hakukuwa jambo la kubahatisha. Wakati ule glavu ya kielektroniki ilikuwa kitu cha kiume. Kampuni ya VPL ya Jaron Lanier ilikuwa na glavu yake iliyotumika katika maabara, na mwaka 1989 Mattel walitoa Power Glove ya kuchezea michezo ya Nintendo, dude la kijivu lililomfanya mtoto aonekane kama askari wa kwenye filamu. Sonami aliona ubabe katika vifaa hivyo, akaujibu kwa glavu ya karai la vyombo. Akaiita Lady's Glove, yaani glavu ya bibi.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotosha ala karibu zote. Ngoma hupigwa, gitaa hupigwa, kinanda hupigwa, zeze hupigwa, hata filimbi inayopulizwa nayo twasema imepigwa. Ndani ya neno hilo kuna mkono unaokutana na kitu, na kitu kinachoujibu mkono. Katika glavu ya Sonami mkono ulikutana na hewa. Basi alipiga nini? Swali hilo lilikuwa na umri wa takriban miaka 70 alipopanda jukwaani Linz, na watu waliohangaika nalo mmoja baada ya mwingine wanastahili kukumbukwa kwa majina yao.

Kisa kinaanzia Petrograd mwaka 1920, katika taasisi ya fizikia iliyoongozwa na Abram Ioffe. Kijana Lev Termen, ambaye nchi za Magharibi zilikuja kumwita Leon Theremin, alikuwa akitengeneza chombo cha kupima tabia za gesi. Aligundua kwamba mlio uliokuwa ukitoka kwenye chombo chake ulipanda na kushuka kila aliposogeza mkono karibu nacho. Mwanafizikia mwingine angetafuta namna ya kuizuia kasoro hiyo ili vipimo vyake visiharibike. Termen alikuwa pia mpigaji wa selo. Alianza kuutumia mlio ule kutafuta nyimbo alizozijua.

Siri ya chombo hicho ni rahisi kueleza na ngumu kuidhibiti. Ndani ya kasha kuna sakiti mbili zinazotetema kwa kasi isiyosikika na sikio. Moja haibadiliki. Ya pili imeunganishwa na antena, na mwili wa binadamu, kwa kuwa nao unaweza kuhifadhi chaji ya umeme, huibadilisha kasi yake kila unaposogea. Tuseme sakiti moja inatetema mara 200,000 kwa sekunde na nyingine mara 199,560. Kinachosikika ni tofauti yao, 440, na hiyo ndiyo nota ambayo okestra hutumia kulinganishia ala zake. Mkono wa kulia ukiikaribia antena iliyosimama wima, sauti huwa nyembamba. Mkono wa kushoto ukiushukia mduara wa chuma uliolala ubavuni, sauti hufifia hadi kunyamaza.

Mwaka 1922 Termen aliipeleka ala hiyo Kremlin kwa Lenin. Mwenyewe alisimulia kwamba aliishika mikono ya kiongozi huyo kumwongoza katika wimbo wa Glinka, kisha Lenin akaendelea peke yake. Mwisho wa mwaka 1927 alifika New York. Kampuni ya RCA ikanunua haki za kuiunda, ikatoa takriban ala 500 na kuzitangaza kama kitu ambacho yeyote ajuaye kuvumisha wimbo anaweza kukipiga. Tangazo hilo lilikuwa uongo, na mwaka wenyewe ulikuwa 1929, uchumi wa Marekani ukiporomoka. Biashara ilikufa.

Aliyeonyesha kuwa hii ni ala kamili alikuwa Clara Rockmore. Alizaliwa Vilnius mwaka 1911, akaingia chuo cha muziki cha St Petersburg akiwa mtoto mdogo kabisa, akafundishwa fidla na Leopold Auer. Baadaye mkono ulimgomea. Utapiamlo wa utotoni ulikuwa umeidhoofisha mifupa yake, na fidla ikabidi iwekwe chini. Mtu aliyelelewa tangu akiwa na miaka minne au mitano kuwa mpigaji fidla alijikuta bila fidla, na hapo ndipo alipokutana na ala isiyohitaji nguvu ya kubana waya wala kushika upinde.

Lakini ilihitaji kitu kingine. Kwenye fidla kidole kikipotea njia, ubao wa shingo unakiambia kilipo. Hewani hapana ubao. Rockmore alibuni namna yake ya kuweka vidole: ngumi iliyofungwa ikifunguka kidole baada ya kidole, kila mfunguo ukiwa hatua ya nota moja, kama mtu anayehesabu bila kutamka. Alisimama kimya kama mlingoti, kwa sababu kichwa kikiyumba sauti inayumba, na pumzi nzito inaweza kuiondoa nota mahali pake. Termen alimtengenezea ala ya peke yake, yenye upana wa oktavo tano na mkono wa kushoto unaoitikiwa upesi zaidi, ili aweze kuzikata nota fupi fupi. Mkono mtupu haulambwi, lakini wa Rockmore ulisikilizwa katika ukumbi wa Town Hall, New York, mwaka 1934, na katika miaka ya 1940 alizunguka Marekani katika maonyesho ya pamoja na mwimbaji Paul Robeson. Anayezisikiliza rekodi zake leo, zile alizotoa mwaka 1977 dada yake Nadia Reisenberg akimpigia piano, hasikii mashine. Anasikia mtu anayevuta pumzi kati ya kishazi na kishazi.

Termen mwenyewe hakutosheka na mikono. Alijenga jukwaa lenye bamba la chuma chini yake, akaliita terpsitone kwa jina la Terpsichore, mungu wa kike wa ngoma katika simulizi za Wagiriki. Mchezaji akiinuka sauti inapanda, akichutama inashuka. Huo ulikuwa mwaka 1932, na wazo lilikuwa zito: mcheza ngoma asifuate muziki, autoe mwilini mwake. Wachezaji hawakuimudu, maana kuinua goti kwa uzuri na kuliinua kwa kipimo cha nota ni elimu mbili tofauti. Katika miaka hiyo Termen alimwoa Lavinia Williams, mcheza baleti Mmarekani Mweusi. Mwaka 1938 akarudi Urusi bila mkewe, mwaka uliofuata akakamatwa na kupelekwa Kolyma, kisha akafungiwa katika maabara za siri akitengeneza vifaa vya kijasusi. Lavinia Williams hakumwona tena. Yeye alikwenda Haiti na kufundisha ngoma huko kwa miaka mingi.

Kutoweka kwa Termen kuliacha pengo, na pengo hilo likajazwa na kanda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia studio za redio na vyuo zilianza kutengeneza muziki kwa kukata na kuunganisha kanda za sumaku. Ulikuwa muziki mpya kweli kweli. Mtunzi Stockhausen alipotoa Gesang der Jünglinge huko Cologne mwaka 1956, watu walisikia sauti ya mtoto ikiyeyuka ndani ya milio ya umeme namna ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Ila waliokuja ukumbini waliketi kutazama spika. Hakukuwa na mtu mbele yao. Onyesho la muziki liliweza kufanyika bila mwanamuziki jukwaani, na baadhi ya watunzi waliona hilo kuwa ushindi.

Mhandisi Robert Moog ni daraja kati ya dunia hizo mbili. Alianza kuunda thereminvox, yaani ala ile ya Termen, akiwa kijana, na mnamo 1954 alikuwa akiandika makala ya kuwafundisha wengine kuzijenga. Hata hivyo sinthesaiza iliyomletea sifa katika miaka ya 1960 ilipata umaarufu ikiwa na kinanda mbele yake. Kinanda kilieleweka. Mnunuzi alijua aweke wapi vidole. Kwa urahisi huo mwili ukarudishwa kitini, mabega yakatulia, na sauti ambayo ingeweza kufuata kila mkunjo wa kiwiko ikakatwa vipande vyeusi na vyeupe.

Jibu moja kwa hali hiyo lilitoka kwa mtu aliyekataa kusogea kabisa. Mei 1965, katika Chuo Kikuu cha Brandeis, Massachusetts, mtunzi Alvin Lucier aliketi kitini mbele ya hadhira, akafungwa elektrodi kichwani, akafumba macho. Mwanafizikia Edmond Dewan ndiye aliyemjulisha kuhusu mawimbi ya alfa, yale yanayotoka ubongoni mtu anapotulia bila kuwaza taswira yoyote. Yanatetema mara 8 hadi 12 kwa sekunde, chini ya uwezo wa sikio. Lucier aliyakuza kwa vikuza sauti akayapeleka kwenye spika zilizoegemezwa kwenye ngoma, matoazi na gongo. Spika zilitikisika, na ngozi za ngoma zikatikisika nazo. Akifumbua macho au akianza kufikiri jambo, ngoma zinanyamaza. Akitulia, zinarudi. Hapa kitenzi chetu kinafika ukingoni: ngoma zinapigwa, kila mtu anazisikia, na mpigaji hatakiwi hata kutaka zipigwe.

Amsterdam ilijibu kwa njia iliyo kinyume. Mwaka 1969 kundi la watunzi wa Kiholanzi, miongoni mwao Misha Mengelberg, Louis Andriessen, Peter Schat na Dick Raaijmakers, walianzisha karakana ya muziki wa umeme iliyoitwa STEIM. Huko ndiko kijana Michel Waisvisz, mzaliwa wa Leiden wa mwaka 1949, alikotengeneza Kraakdoos, yaani sanduku linalotatarika. Ni kijisanduku cha mbao kinachoenea kiganjani, chenye betri ya volti 9, spika ndogo, na vibamba sita vya chuma juu yake. Ukivigusa vibamba viwili au vitatu pamoja, umeme unapita kwenye ngozi yako, na wewe unakuwa sehemu ya sakiti. Kidole kikavu kinatoa mlio mmoja. Kidole chenye jasho kinatoa mwingine. Ukikandamiza, sanduku linapiga kelele, ukilegeza, linanung'unika. STEIM iliuza takriban 4,000 ya vijisanduku hivyo, na si vigumu kuelewa kwa nini: mtu yeyote, hata mtoto, anahisi mara moja kwamba sauti ile ni mwili wake unaosema.

Waisvisz alishika uongozi wa STEIM mwaka 1981. Miaka miwili baadaye kampuni za ala zilikubaliana lugha moja ya kuunganisha vifaa vyao, MIDI, ambayo hugeuza kila tendo la mpigaji kuwa namba, nyingi kati ya 0 na 127. Wengine waliona humo waya wa kuunganishia kinanda na kinanda. Waisvisz alijiuliza kwa nini namba hizo zitoke kwenye kinanda. Juni 1984, katika ukumbi wa Concertgebouw mjini Amsterdam, alitokea akiwa amefungwa mikononi vyombo viwili vya alumini alivyoviita The Hands. Chini ya vidole vilikuwa na vitufe. Ndani vilikuwa na swichi za zebaki, ambazo hujua kiganja kimeinama upande gani kwa kuwa tone la zebaki hutiririka kuelekea chini na kufunga mkondo wa umeme. Kati ya mkono na mkono ilipita sauti ya juu isiyosikika, ikipima umbali wake kama popo apimavyo ukuta. Sinthesaiza zilikuwa pembeni, hazikuguswa.

Walioona maonyesho yake hukumbuka jasho. Waisvisz alirukaruka, akatanua mikono kama anayepasua kitambaa kigumu, akaikutanisha taratibu kama anayebana kitu kisichotaka kubanwa. Kwa hesabu za fizikia hakuna kilichokuwa kikimzuia, hewa ni hewa. Lakini alizipanga sauti zake kiasi kwamba kitendo kizito kilizaa sauti nzito, na hadhira iliamini kuwa kuna kitu pale kati ya viganja. Joel Ryan, mtunzi aliyefanya naye kazi STEIM na ambaye pia alisomea fizikia, aliliandikia jambo hili: katika kubuni ala, kuifanya iwe ngumu kunaweza kuwa na mvuto sawa na kuifanya iwe rahisi. Ulimwengu wa kompyuta wa miaka ile ulijengwa juu ya imani iliyo kinyume, kwamba kila kitu kifanyike kwa kugusa kitufe kimoja. STEIM walikuwa wakirudisha juhudi mahali ilipofukuzwa.

Uamuzi mkubwa zaidi wa Waisvisz, kuliko zebaki na alumini, ulikuwa kuacha kuunda. Fundi wa vyombo vya namna hii ana kishawishi kisichoisha. Kila wiki kuna kitambuzi kipya, kila mwaka kompyuta yenye kasi zaidi, na ala inayobadilika kila wiki haina anayeijua. Waisvisz aliigandisha The Hands kwa vipindi virefu, akakataa kuongeza chochote, akafanya mazoezi. Matoleo yalikuwa machache sana kwa muda wa zaidi ya miaka 20, hadi alipofariki mwaka 2008. Rockmore alikuwa amefanya vile vile bila kuandika nadharia yoyote: ala moja, maisha yote.

Wengine waliingia chini ya ngozi. Huko Stanford, Hugh Lusted na Benjamin Knapp walitengeneza BioMuse, kifaa kinachosoma umeme unaotoka kwenye misuli, na mwanamuziki Atau Tanaka akapanda nacho jukwaani mapema miaka ya 1990. Hapo mkono hauhitaji hata kusogea. Kukaza msuli kunatosha, na sauti inatangulia kitendo. Glavu nazo zilikuwa na asili ya muziki iliyosahaulika: Thomas Zimmerman, aliyebuni teknolojia iliyozaa glavu za VPL, alianza kwa kutaka kulipiga gitaa la kuwaziwa, lile ambalo vijana hulikwaruza hewani wakisikiliza rekodi.

Turudi kwa Sonami. Glavu za jikoni hazikudumu, na hazikukusudiwa kudumu. Zilifuatwa na matoleo mengine, hadi mwaka 1994 Bert Bongers, fundi wa huko The Hague, alipomshonea lile ambalo wengi hulifahamu: wavu mweusi mwembamba unaopanda hadi mkononi juu, nyaya zikitambaa juu yake wazi kama mishipa. Vidole vilibeba vipande vinavyohisi mkunjo, palikuwa na swichi ndogo na kitambuzi cha mgandamizo, na sauti isiyosikika ilipima umbali wa mkono na mwili. Yote yaliingia kwenye kijisanduku cha STEIM kiitwacho SensorLab, kikayapeleka kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuwa na haki ya kutazamwa. Sonami alisimama mbele ya watu akisimulia maandishi ya Melody Sumner Carnahan, na mkono wake ukawa unasimulia pamoja naye: kiganja kikigeuka, neno linagawanyika, vidole vikijikusanya, mvumo unanywea hadi kuwa uzi. Glavu ile ile iliweza kuendesha taa na mota ndogo jukwaani.

Akaishi nayo kwa takriban robo karne. Mafundi waliokuja baada yake walikuwa na mambo mepesi zaidi. Mwanamuziki Imogen Heap wa Uingereza alianza mwaka 2010 kujenga na wahandisi glavu zisizo na waya zilizoitwa Mi.Mu, na mwimbaji Ariana Grande akazivaa katika ziara yake ya 2015. Kile ambacho Sonami alikianza kwa mpira wa jikoni kilifika kwenye viwanja vya maelfu ya watu.

Wakati huo yeye alikuwa ameshaanza kuivua. Ala aliyoijenga baada ya glavu inaitwa Spring Spyre: mduara wa chuma uliosimama, wenye springi tatu nyembamba zilizovutwa ndani yake, na kwenye kila springi kuna kinasa mtetemo. Sonami huzigusa kwa ncha za vidole, huzisugua, huzikwangua, huzipiga. Springi zenyewe hazisikiki na hadhira. Mitetemo yake inaingia kwenye programu iliyofundishwa kwa mifano, Wekinator ya Rebecca Fiebrink, na programu hiyo ndiyo inayoamua sauti iende wapi. Springi haitetemi mara mbili kwa namna moja, kwa hiyo mpigaji hawezi kuiamuru; anaweza tu kuisukuma na kusikiliza imeelekea wapi.

Éliane Radigue, aliyemfundisha Sonami huko Ufaransa kabla hajavuka bahari, alikuwa mtunzi wa kanda na sinthesaiza kwa miongo mitatu, peke yake nyumbani kwake Paris, mikono ikizungusha vitufe kwa utaratibu ambao saa haiuoni. Uzeeni aliachana na sinthesaiza akaanza kutungia watu, kazi kwa kazi, kila moja kwa mpigaji mmoja na ala yake, katika mfululizo uitwao OCCAM. Ya tisa, ya mwaka 2013, ni ya Sonami. Katika kazi hiyo hakuna kurusha mikono. Mwanamke ameketi mbele ya mduara wa chuma, kidole kimoja kinaishukia springi, kinaigusa kidogo tu, na kinasubiri.